Sahani ya Kwaheri

Saa sita kasorobo mchana, jiko la kantini ya kiwanda limejaa mvuke na kelele. Mpishi mkuu anadondosha mchuzi kiganjani na kuulamba. "Chumvi bado," anasema. Kisha anageukia ukutani na kuutema kwenye kitambaa.

Wenzake humwita Mama Mwiko. Kila siku analisha watu mia mbili, lakini hakuna aliyewahi kumwona ameketi na sahani.

"Mama Mwiko, wewe unaishi kwa mvuke?" mwosha vyombo anamtania.

"Mpishi hushiba kwa kuonja. Sugua masufuria yako!"

Jiko zima linacheka. Yeye hacheki.

Ukweli anamwambia msaidizi wake baadaye, wakiwa wawili stoo, macho yakiwa kwenye magunia, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Hapa ndipo ninapokula. Peke yangu, harakaharaka, hadi tumbo liume. Halafu najitapisha. Mtu mzima mimi! Naona haya hata kukwambia."

Akiwa mdogo aliachwa kwa shangazi yake. Mama yake alikuja kumtazama mara chache, na kila alipotaka kuondoka alimtengea chakula ili kukwepa vilio. "Nikiinua uso kwenye sahani, mama hayupo. Nikajua: ukila, unaachwa."

Mnasihi wa zahanati amemweleza kwamba ugonjwa huu wa kula una njia nyingi za kuingilia. Kwake yeye, uliingia kwa mlango uleule aliotokea mama alipomwacha.

Hata hivyo, kinachomliza si mama yake. Ni binti yake wa miaka saba. Kila asubuhi alimtengea uji, mtoto akiinamia bakuli, yeye akanyata kwenda kazini. Mwezi uliopita mtoto alifumba mdomo: "Sili. Nikila unaondoka."

Mama Mwiko anajifunika uso kwa aproni. "Neno langu lilelile, ndugu yangu, na sikuwahi kumwambia! Nilitamani ardhi inimeze."

Siku hizi wanakula bakuli moja, kijiko kwa kijiko, ndipo anaaga, uso kwa uso. Mtoto hadanganyiki: akimwona mama anageukia ukutani, huweka kijiko chini. "Meza kwanza, mama, nione."

"Basi nameza," anasema. "Kila kijiko ni vita. Ninachoomba ni siku moja tu: aniambie, 'Mama, nenda, utachelewa,' huku bado anatafuna."