Frasila Sita za Baba

Bega langu la kulia lilivunjika nilipoanguka kutoka juu ya mkarafuu. Nilikuwa na miaka kumi na saba kwa hesabu ya mama, kumi na minane kwa hesabu ya baba. Tawi nililolikanyaga halikuwa na kosa. Nilikuwa juu yake tangu asubuhi. Kosa lilikuwa langu. Nilivuta tawi la mbali kwa kigoe, na huku pakacha limejaa limenielemea upande mmoja. Naliandika hili mwanzo kwa sababu jamaa zangu mpaka leo husema mti ule ulikuwa na shetani. Mimi sikumwona shetani. Niliona karafuu nyingi nikazitamani, basi.

Bibi mmoja wa kijiji cha pili, fundi wa kuunga mifupa, alinifunga kwa vijiti vya mwanzi na vitambaa. Mfupa uliunga, ila uliunga kwa kupinda. Mkono ulipanda mpaka usawa wa sikio, hapo ukagoma. Nikiulazimisha, maumivu yalishuka mpaka kwenye vidole. Sina la kumlaumu bibi yule. Alinikuta nimeshabebwa maili mbili juu ya kitanda cha kamba, na wanaume wanne kila mmoja akienda mwendo wake.

Shamba letu lilikuwa Pemba, upande wa Mtambile. Msimu wa karafuu, wanaume hupanda juu kuchuma, na wanawake, wazee na watoto hukaa chini kwenye majamvi wakichambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Baada ya kuanguka, baba alinikataza kupanda. Kwa misimu mitatu nikakaa jamvini, mwanamume mzima mwenye ndevu.

"Mpisheni bi harusi apate pa kukaa," shangazi alikuwa akisema kila nikifika.

"Shangazi, leo niache."

"Nikuache vipi, na bado hatujakupaka hina?"

Wote hucheka. Na mimi hucheka, maana nisipocheka ingekuwa maneno ya siku mbili. Lakini lazima niseme kweli: shangazi huyo huyo ndiye aliyekuwa akinipa upande wa jamvi wenye kivuli, na yeye akikaa juani.

Nilikuwa na rafiki mmoja, utingo wa lori. Babu yake alitoka bara, wakakaa ng'ambo ya barabara, na miaka ile, mwishoni mwa miaka ya hamsini, watu walishaanza kuulizana nani wa wapi. Sisi hatukuulizana. Kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua magunia, na kulala juu yake lori likienda. Alikwenda Unguja mara moja, akarudi na habari za vijana aliowaona uani kwa mtu, wanalala chali juu ya benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani.

Akanambia, "Yakhe, mkono wako haupandi juu, au sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi lala. Ukilala, juu panakuwa mbele."

Nilimcheka, halafu usiku nikalala chali kitandani nikajaribu. Kweli. Mkono ulinyooka wote, na bega likanung'unika tu.

Tukatengeneza chuma chetu. Benchi ilikuwa ubao wa mnazi juu ya magogo mawili. Chuma chenyewe ni bomba nene la maji lililotupwa, na kila mwisho tulifunga gunia tulilolishona nusu na kulijaza mchanga. Tuliweka vyote kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba yao. Lori likienda na shehena bandarini Wesha, rafiki yangu hupakia chuma chetu na kukipima kwenye mizani ya ghala, ile ya karafuu, kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa ya frasila kama ya karafuu, frasila moja ni kama kilo kumi na sita. Bomba lilikaribia frasila moja. Mchanga tuliongeza kidogo kidogo.

Yeye husimama kichwani pangu, viganja viwili chini ya bomba bila ya kuligusa. Nasema Bismillahi, nashusha mpaka kifuani, napandisha. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kidole chake kikigusa bomba, haihesabiwi. Nilikuwa na daftari la mistari, niliacha chuo na skuli mapema lakini kuandika nilijua, na humo niliandika kila siku.

"Hiyo imehesabiwa," aliwahi kunambia.

"Umegusa. Nimeona."

"Kucha, bwana. Kucha si kidole."

"Haihesabiwi."

"Weye ukipewa ukadhi utawafunga wazazi wako."

Nikaandika: haikuhesabiwa.

Alasiri moja baba alikuja bandani. Hakuwa na desturi ya kufika upande ule. Alisimama mlangoni akanitazama nikisukuma frasila tatu mara nane. Nilipokaa, nikaona hapana wakati mwingine.

"Baba, mavuno yajayo nipande?"

Akalitazama bomba, akatazama magunia. "Ngapi hizo?"

"Tatu."

"Siku utakayoinua sita, utapanda."

"Sita, baba?"

"Nimesema sita."

Akaenda zake. Rafiki yangu alipiga mluzi mdogo. Frasila sita ni zaidi ya uzito wa baba yangu na wangu wakati ule, kila mtu peke yake. Lakini tulifurahi kama watu waliopewa shamba. Mlango ulikuwa umefungwa misimu mitatu, sasa umewekewa namba. Kwa mtu kama mimi namba ni jambo jema. Haina uso, haikuonei.

Mwaka mzima ukapita hivyo, na mavuno mengine nikiwa jamvini. Kabla ya kulala benchini nilisuguliwa bega kwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na mafuta ya karafuu, mpaka banda zima linanuka kama mtu anaumwa jino. Kuna siku bega lilikuwa jema na kuna siku sikuweza kuvaa kanzu bila ya mama kunishikia mkono. Daftari lina yote mawili. Mwishoni mwa kiangazi tulifika frasila tano, zimepimwa Wesha, na nikazisukuma mara tano bila ya kidole wala kucha. Ilibaki miezi mitano kufika mavuno, na frasila moja.

Ndipo masika yakaingia.

Mwaka ule mvua ilinyesha kwa fujo. Barabara ikakatika, lori halikutoka kwa wiki nyingi, na kwa hiyo hatukupima tena, na wala hatukuona haja, maana hatukuongeza hata kopo moja la mchanga. Tulibaki na tano zetu zile zile. Wiki ya kwanza nikazisukuma mara nne. Wiki ya tatu, mara mbili. Kisha mara moja, na ile moja macho yakiona nyota.

Nilijua nini kinatokea, au nilidhani najua. Bega lilikuwa linakufa. Nilimwendea bibi fundi, akanibonyeza kila mahali kwa vidole vyake vikavu.

"Mfupa hauna neno," akasema. "Nyama ndiyo iliyochoka. Pumzika miezi miwili."

"Bibi, mavuno yamebaki miezi mitatu."

"Basi chuma kwa meno."

"Bibi."

"Mjukuu wangu, mie naunga mifupa. Ukaidi siuungi."

Alisema sawa. Sikumsikiliza. Nilirudi bandani nikasukuma kila siku badala ya kila siku ya pili, kwa sababu niliona uvivu ndio ugonjwa. Rafiki yangu alinambia tupunguze mchanga, turudi nne. Hilo alilisema, mara mbili, na naliweka hapa kwa sababu baadaye alijitwisha lawama isiyokuwa yake. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kupunguza ni kumwambia baba kwamba alikuwa na haki.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, mvua imesita kidogo. Nilishusha bomba kifuani vizuri. Katikati ya kupanda nikasikia sauti, kama mtu anachana kitambaa kipya cha marekani kwa mikono, na nikadhani imetoka nje. Halafu mkono wa kulia ukawa kama hauna mwenyewe. Rafiki yangu alidaka bomba kwa viganja na kwa goti. Alipiga kelele. Nililala nikitazama makuti, na tone la maji likaniangukia shingoni, likafuatwa na jingine.

Jioni nikaandika kwa mkono wa kushoto: haikuhesabiwa.

Bibi alinifunga tena. Hospitali ya Chake, nilikofika kwa miguu, daktari alisema nyama imekatika ndani na pengine itajishika yenyewe, pengine haitajishika. Haikujishika.

Baada ya wiki mbili au tatu barabara ikafunguliwa. Asubuhi moja rafiki yangu alikuja akakaa kizingitini kwetu, na kofia yake mkononi. Hakuitikia vizuri salamu.

"Nimekipima chuma," akasema.

"Cha nini tena?"

"Jana nilikitoa bandani nikitie uvunguni mwa lori, nisikione. Nikakibeba begani. Mie nabeba magunia kila siku, mgongo wangu unajua. Nikasema, hizi si tano. Nikaenda nacho Wesha."

"Ngapi?"

"Tano na robo tatu."

"Umeongeza mchanga?"

"Hakuna aliyeongeza. Mvua imeongeza."

Sikufahamu kwa mara moja. Akaeleza kwamba magunia yalikaa juu ya udongo siku zote, na makuti yanavuja, na mchanga umekunywa maji pole pole mpaka ndani. Juu gunia tuliliona limelowa, tukalifuta kwa kitambaa.

Na sisi ni watu wa karafuu. Hili ndilo lililonikaa rohoni. Tangu mdogo nimeanika karafuu, nimekimbia kuzianua wingu likitanda, na nikitia mkono kwenye jamvi najua kama zimekauka au zina unyevu. Kila mtu Pemba anajua kwamba karafuu mbichi ni nzito, na mpimaji akiona unyevu hukurudisha nazo nyumbani. Yeye rafiki yangu amerudi na magunia ya namna hiyo sijui mara ngapi. Tukawa wawili kwenye banda moja, masika yote, na hakuna aliyewaza kwamba mchanga nao ni kitu cha kuanika.

"Nimekuua bega," akasema.

"Hukuniua. Ulisema tupunguze."

"Nilisema kwa sauti ndogo."

Nimejiuliza tangu hapo: je, niliinua tano na robo tatu? Ile mara moja ya mwisho niliyopandisha, wiki moja kabla ya Ijumaa ile, mchanga ulikuwa umekunywa kiasi gani? Labda nusu, labda robo tatu yote. Haikupimwa siku ile. Siwezi kusema niliinua, na sitasema. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuwa nikidhoofika, na nilijitesa kama anayedhoofika.

Nilimpelekea baba habari. Alikuwa uani akisuka pakacha jipya, maana mavuno yanakaribia. Nilitaka nini kwake, sijui. Pengine nilitaka aseme kwamba nilikaribia.

"Baba, chuma kilikuwa na maji. Kilikuwa tano na robo tatu. Imebaki robo."

Aliendelea kusuka mpaka ukuti ule ukaisha.

"Ungefika sita ningesema saba," akasema.

Nikakaa chini.

"Nilitaja namba ambayo hapa hakuna mtu anayeiweza. Nilikuona umepata jambo la kufanya chini, na moyo wako umetulia. Nikasema na alifanye. Sikutaka urudi juu kule. Mie ndiye niliyekuokota, weye hukujiona."

"Ungeniambia hapana tu, baba."

"Nilikwambia hapana misimu mitatu. Ulikuwa hunitazami."

Ilikuwa kweli, sikuwa nikimtazama. Baadaye nilimkasirikia, siku nyingi, na sitaki kujifanya mtoto mwema kwenye karatasi. Lakini kila nikiipima hasira ile nakuta upande wa pili mtu amesimama chini ya mti na mtoto wake mikononi. Hakusema uwongo wa kunidhuru. Alitia namba kati yangu na tawi, na mimi nikaivunjia bega namba ile.

Mavuno yalikuwa makubwa. Kuchambua karafuu kunataka mikono miwili, mmoja ushike shada na wa pili uzipukuse, kwa hiyo hata jamvini sikuwa na kazi. Tulipungukiwa na mchumaji, na baba, aliyekuwa ameacha kupanda miaka mingi, akafunga msuli wake kiunoni akapanda. Hakunitazama alipopanda. Alikuwa mzito, alipumua kwa sauti, na tawi likilia chini yake wanawake wote waliacha kuchambua.

Hakuanguka. Alipanda msimu ule na mwingine wa baada yake, kisha homa ikamchukua kitandani mwake, na homa haikuhusiana na mti. Hilo nimeliuliza kwa daktari na kwa bibi, na wote wawili walinijibu sawa.

Siku zote za msimu ule nilisimama chini ya mti aliokuwamo. Nilinyoosha mkono wa kushoto juu, kiganja wazi, kana kwamba mkono mmoja ungemfaa mtu anayetoka kule. Baba aliniona. "Kakae kivulini," akanambia kutoka juu, kwa upole. Nikamwambia sawa, baba. Sikuondoka.