Sili Aliyepanda Boti Yetu

Msinicheke. Mimi ni mwanaume mzima, nabeba mizigo ghalani kutwa nzima, lakini siku hiyo nililia mbele za watu kwa sababu ya mnyama.

Ilikuwa Agosti 2015. Tuko watoto watatu, kila mtu na jimbo lake. Mimi naishi na Mama South End, Louisville. Mdogo wangu Jules yuko Columbus. Kitinda mimba wetu Chimène, miaka kumi na tisa, anahudumia wazee Kenmore, kule Buffalo.

Harusi ya binamu ikatukutanisha Seattle. Jules akajifanya bosi, akatupeleka kwenye boti ya kutazama nyangumi.

Mama hakutaka kabisa. Tukambembeleza mpaka akapanda, amekumbatia mkoba wake.

Mchana tukaona sili, yule mnyama wa baharini mwenye uso wa mbwa. Alikuwa anatukodolea macho.

"Iko na njala," Mama akasema.

Kabla hatujamzuia akafungua mkoba, akamrushia ndagala. Jamani! Mama anasafiri na dagaa wakavu mpaka Seattle!

Nahodha akafoka kwamba ni marufuku. Wapi, sili alishanogewa, akaganda ubavuni mwa boti.

Ndipo yakaibuka mapezi meusi. Manne.

Nyangumi wauaji.

Mbali kidogo sili mwingine akarushwa hewani kama mpira. Maji yakawa mekundu. Jules akaanza kutapika.

Sili wetu akaruka, puu! Akatua kwenye ubao wa nyuma, hatua mbili kutoka kwa Mama.

Nyangumi wakamfuata. Wakapita chini yetu, boti ikalala upande, Mama akateleza akadaka chuma. Roho ikaniruka. Mama hajui kuogelea. Hata mimi sijui.

Nikanyakua mti wa kusukumia boti, nikamlenga sili.

"Mirindi, usimusukume!"

"Mama, banamutaka ye! Batatuangusha!"

"Minajua. Muache."

Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nyangumi wakazunguka, wakazunguka. Nilisali huku nalia, sala zote ninazozijua, nyingine mara mbili.

Baada ya muda mrefu wakaondoka. Sili akapumua kidogo, akateleza majini akaenda zake.

Mama akakaa sakafuni, machozi yanamtoka.

"Wakati tulivuka ziwa, tunakimbia vita, mama moja alikamata mtumbwi yetu," akasema. "Ilikuwa imejaa. Akanipatia mtoto wake, akaomba na ye apande. Bon... ni mi nilimusukuma. Na kafi."

"Na mtoto?" nikauliza.

Mama akageuza kichwa. Alikuwa anamtazama Chimène.

Hapo niliogopa kuliko nilivyowaogopa wale nyangumi. Chimène alisimama, ameshika kofia yake. Halafu akauliza:

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Sikumuulizaka," Mama akasema.

Ndiyo hivyo, ndugu zangu. Kama una mzazi aliyekimbia vita, muulize mapema, na ujiandae kusikia.

Chimène anampigia Mama kila Jumapili, wanalia, wanakata simu. Yeye ndiye aliyeniambia niandike hapa.

Kwa hiyo naomba: kama ulipoteza dada, mke au binti kwenye Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, Oktoba 1996, akiwa na mtoto mchanga wa kike, tafadhali niandikie.

Mtoto yuko hai. Anatafuta jina la mama yake.