Upande Alioumaliza Bibi

Juzi nilipita duka moja la kunyoa mbwa kule Harrow. Dirishani mbwa mwenye manyoya magumu kapigwa mashine mwili mzima, kabaki laini kama soksi. Nilikasirika, mwenzangu, mpaka machozi yakanilengalenga.

Maana tulipokuwa tukikaa ghorofani kule Thamesmead, miaka ile ya tisini, mbwa wa aina ile hakupigwa mashine. Alinyonyolewa kwa vidole. Jirani yetu, ajuza wa Kiingereza, alikuwa naye mmoja, manyoya kama makumbi ya nazi. Baridi yabisi ilipompinda vidole, alinifundisha mimi: shika manyoya machache, vuta kuelekea yanakolala. Yaliyokwisha kufa yanatoka bila taabu, mbwa hata hashtuki. Lakini sharti awe mkavu. Akirowa tu, hayashikiki.

Ukavu huo ndio uliomfanya bibi yangu akubali. Mbwa mkavu, mkono mkavu, hapana najisi, alisema. Ila akikulamba, utaosha mara saba, moja kwa udongo. Akaweka bakuli la udongo nyuma ya mlango wa bafu. Yeye mwenyewe mbwa hakumkaribia. Akimkuta na jirani kwenye lifti, alipanda ngazi, na magoti yale yanayomuuma!

Kisha jirani akahamishiwa nyumba ya wazee, na mbwa hawapokelewi. Mwanawe alikuwa amchukue kwake, mbali, lakini kwanza ampitishe huko kwa mama yake Jumapili mchana waagane. Mwanawe huyo akaniachia mbwa asubuhi. Nilitaka sana jirani amkute kama alivyompenda, kanyonyolewa vizuri. Saa zikaenda. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja tu, vidole vinawaka moto, nalia pale koridoni.

Bibi akatoka, akavuta kiti, akakaa upande wa pili. Vidole vilivyonyonyoa kuku maisha yake yote vikaanza kazi. Mbwa akageuka, akamlamba kiganja. Nikamwachia mbwa, nikatazama mlango wa bafu.

"Tumalize kwanza, mwanangu," alisema. "Maji yapo, na udongo upo."

Mchana nilifuatana nao kule nyumba ya wazee. Jirani alimpapasa mbwa wake taratibu, upande wangu, kisha ule wa pili. Mkono ukasita.

"Huku hukufanya wewe," akaniambia.

"Kafanya bibi yangu."

Akalia kwa sauti. Nami nikalia.

Wote wawili wameshatangulia, na jengo letu limevunjwa. Wanangu hata wangeliona bakuli lile la udongo wasingejua la nini. Mimi nalikumbuka, na nakumbuka siku ile bibi kainama bafuni, anaosha mkono, nami namhesabia mpaka saba. Hakunung'unika hata kidogo.