Damu Niliyotoa kwa Niaba ya Baba Mdogo

Shangazi alikuwa akilisalimia kwanza ini lake, kisha mdogo wake. Kila Ijumaa baada ya swala alifika mtaani kwetu Bwiza, akaweka kiganja upande wa kulia wa tumbo la baba mdogo na kuuliza, "Hujambo?" Baba mdogo akijibu, alimkatiza: "Sikuulizi wewe."

Alikuwa na haki. Ini la kwanza la baba mdogo liliharibiwa na pombe. Madaktari wa Ulaya walimlazimisha kuacha kunywa kwa miezi mingi, ndipo wakakubali kumpasua. Walisafiri wawili, yeye na dada yake, na huko shangazi akakatwa kipande cha ini, kikapandikizwa kwa mdogo wake. Shangazi alikuwa amesilimu zamani, alipoolewa Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi.

"Hili ini halijawahi kula mchana wa Ramadhani," alimwambia. "Usilifundishe tabia zako."

Madaktari nao hawakutosheka na maneno yake. Kila baada ya miezi miwili baba mdogo alitolewa damu kliniki, vichupa vikapanda ndege, na majibu yakarudi kwa faksi. Kipimo kimoja kilionyesha kama amekunywa pombe katika wiki zilizopita. Kingine kilipima dawa ile inayouzuia mwili usilikatae ini la mtu mwingine. Hicho cha pili hatukukiwaza, kwa sababu vidonge alivimeza asubuhi na jioni, mbele yangu, bila kukosa. Shida ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi baba mdogo alikuwa msemaji wa mahari. Kwetu baba wa kijana haombi mke kwa mdomo wake. Anaketi kimya, na mtu mwenye ulimi anamsemea. Wenye binti nao wana msemaji wao, na hao wawili wanachokozana mpaka watu wanalia kwa kucheka. Kila hatua ina chupa yake ya bia: ya kubisha hodi, ya kuomba ruhusa ya kusema, ya kutaja kilichowaleta. Tangu arudi Ulaya, baba mdogo alikuwa akiinua glasi ya Fanta.

Siku moja tulikuwa Gihosha, saa sita mchana, maana miaka hiyo ya vita sherehe zote zilifanywa mapema ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Msemaji wa upande wa pili akaitazama ile glasi.

"Mutu anaomba binti yetu na Fanta? Mulikuja kuoa, ao mulikuja kubatiza mutoto?"

Ukumbi mzima ulicheka. Baba mdogo hakuwahi kushindwa mbele za watu. Alichukua chupa ya bia, akaimaliza, akaomba ya pili. Binti tulimpata. Kutoa damu kulikuwa Jumanne.

Jumatatu akaniita nyuma ya nyumba.

"Mwana wangu, we unakunywaka pombe?"

"Apana."

"Hata ya kuonja?"

"Apana, baba mdogo."

"Mungu ni mukubwa. Kesho utaenda kunisemea."

Sikuelewa. Akanishika bega.

"Kwa mahari mutu anasemea mwenzake, si ndiyo? Basi na damu inaweza kusemea damu ingine. Tena we ni damu yangu."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na neno la kumkatalia mkubwa sikuwa nalo. Nilikwenda. Muuguzi aliyetujua hakuwapo: alikaa Carama, na asubuhi hiyo barabara ya huko ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi. Muuguzi mgeni aliyeshika zamu yake akaita jina la baba mdogo. Nikasimama. Alitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Miaka hamsini na mbili?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mzee, umejitunza! Ao ni hilo ini jipya? Siku ingine unionyeshe mahali wanaligawa."

Akanichoma sindano huku akicheka.

Baada ya wiki mbili dokta wa kliniki alituita. Shangazi alikuja pia, kusikia habari za ini lake.

"Pombe hakuna hata tone," dokta akasema.

"Alhamdulillahi," akasema shangazi. Baba mdogo akanyoosha miguu.

"Lakini na dawa hakuna hata chembe. Mzee, umeacha vidonge tangu lini?"

Dokta akaeleza kwamba bila dawa mwili ungelishambulia ini mpaka life, na mgonjwa pamoja nalo. Akaagiza kitanda, na dawa yenye nguvu ya kupitisha kwenye mshipa siku hiyo hiyo.

"Unaniulia ini langu?" Shangazi alianza kulia.

Baba mdogo, aliyewasemea watu nusu ya mji, alitazama dari. Chini ya kiti mguu wake ulikanyaga wangu: nyamaza. Nilifikiria vile vidonge nilivyomwona akivimeza kila siku, kisha nikafikiria dawa yenye nguvu ikiongezwa juu yavyo na kumdhuru. Angekubali alazwe, mradi asifedheheke.

"Dokta, ile damu ni yangu," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, dokta akaniomba nirudie. Nikarudia, nikamwonyesha mkono uliochomwa sindano.

Shangazi alinitazama, akamtazama mdogo wake. Kisha akaweka kiganja pale pale upande wa kulia.

"Na wewe," akaliambia ini, "ulijua, ukanyamaza?"

Dokta alikuwa wa kwanza kucheka. Agizo la kitanda likafutwa, na damu ya pili akaitoa mwenyewe, kwenye mkono wa mwenye jina. Majibu yalikuja: dawa inatosha, ini zima, pombe ipo.

Shangazi hakumpigia kelele. Jumamosi iliyofuata alivaa kanga mpya, akaja nasi kwenye mahari, akaketi katikati ya wanaume, kulia kwa baba mdogo. Msemaji wa upande wa pili alipoanza habari za Fanta, yeye ndiye aliyesimama.

"Huyu mutu ndani yake kuna mimi, na mimi ni Mwislamu. Mukimupa bia, mumeninywesha mimi. Nani hapa anataka kuninywesha?"

Wenye nyumba walinong'onezana kidogo, kisha wakaleta Fanta mbili.