Ijaribu Ukiwa Umefungwa Miguu

Iko asubuhi moja inayonirudia kila ninapomwona kijana ameshika spana, mwanangu. Nilitoka Gakindu kabla umande haujakauka kwenye mibuni, mfuko mmoja begani, bila kujua naelekea wapi. Watu walikuwa wameshaanza kuniita mzee, lakini miguu yangu haikuwa imepata habari hiyo. Shule niliiacha mapema. Kilichobaki kichwani ni udadisi, na udadisi wangu haujawahi kukaa mahali pamoja. Lori la kwanza lililosimama lilikuwa linaenda Nyeri, basi nikaenda Nyeri.

Nikapata chumba Majengo, nyuma ya msikiti. Jirani yangu alikuwa Mama Njeri, muuza mboga. Polio ilimlemaza miguu akiwa mtoto, akawa anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Kushuka sokoni hakukumsumbua. Kupanda kurudi nyumbani ndiko kulikomtesa. Kila jioni alikaa chini ya mlima akingoja mtu wa kumsukuma. Vijana walikuwa wema, ila wema wao ulikuwa na saa zake. Kukiwa na mpira kwenye televisheni, yeye alinyeshewa pale pale.

"Mimi sitaki kitu kubwa," aliniambia. "Nataka tu niende nyumbani wakati mimi nimetaka."

Maneno hayo yalinikaa. Nikatafuta mota, nikaipata kwenye skuta ya umeme iliyotupwa nyuma ya gereji. Skuta ilikuwa imeisha, lakini mota yake ilikuwa nzima. Betri nilizitoa kwa fundi wa kompyuta, zile za laptop zilizochoka, nikazipima moja moja na kuchagua zilizobaki na nguvu. Kariuki, mchomeleaji wa pale mtaani, akaniungia chuma cha kushikilia mota, na cheni ya baiskeli ikaenda mpaka ekseli ya nyuma. Sikuwa nimesoma haya popote. Niliuliza, nikaharibu, nikauliza tena.

Lakini kazi ilipokaribia kwisha, ugonjwa wangu ukaanza. Nilikuwa nikisikia gari likibadilisha gia kwenye barabara ya Karatina, na moyo unaondoka nalo. Chakula hakishuki. Siku nilipoijaribu ile baiskeli mlimani, ikapanda na kushuka bila matata, mfuko wangu ulikuwa tayari umefungwa, uko mlangoni.

Mama Njeri akauona. "Wee mzee, unahama na mimi hata sijapanda?"

"Imekubali, Mama. Si umeiona mwenyewe?"

"Nimekuona wewe. Haya, panda tena. Lakini kwanza leta hiyo miguu."

Akafungua leso kiunoni, akanifunga magoti na vifundo, akakaza kama anayefunga gunia la kabeji. Kariuki alicheka mpaka akakaa chini. "Ai, mzee amekuwa kuku ya Krismasi!"

Kariuki na vijana wakanisukuma mpaka katikati ya mlima, wakaniachia. Nikawasha. Mota ikalia, lakini baiskeli haikwenda mbele. Ikaanza kurudi nyuma. Nikashika breki, ile ya zamani ya mpira kwenye gurudumu la mbele, ikateleza. Bila kufikiri nikataka kuweka mguu chini. Mguu haukuja. Nikateremka kinyumenyume nikimwita marehemu mama yangu, mpaka Kariuki aliporuka akaishika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila nilipoijaribu, kiatu changu kilikuwa kikisukuma kidogo wakati wa kuondoka, na kuburuza kidogo wakati wa kushuka. Kilifanya hivyo bila kuniambia. Mimi nilidhani ni mota.

"Ungeenda leo," Mama Njeri akasema, wala hakupandisha sauti, "kesho hapo ningekuwa mimi, na gunia ya viazi mgongoni. Ati umemaliza."

Nikaufungua mfuko. Tukaweka sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, ndogo kwenye mota na kubwa kwenye ekseli, ili baiskeli iende polepole lakini ianze na nguvu. Breki tukaitoa kwenye pikipiki kuukuu, tukaiweka pale vidole vya Mama Njeri vilipozoea kukaa, pamoja na komeo la kuifunga ikisimama mlimani. Kila jaribio lilianza na leso. Barabara iliniita kila asubuhi, nami nikaifukuza kama mbuzi aliyeingia shambani.

Siku aliyopanda peke yake, na mzigo nyuma, alifika mlangoni kwake, akafunga breki, akaitikisa baiskeli kuona kama itaponyoka. Haikuponyoka. Akanitazama.

"Sasa enda."

Nikashuka mpaka Kutus, mahali ambapo sikuwahi kulala. Mwenye nyumba alikuwa ananionyesha chumba, kitanda na dirisha moja, simu yangu ikalia. Ilikuwa ya Mama Njeri. Hakunisalimia. "Sikia," alisema tu, na nikasikia mota inanguruma, cheni inazunguka, halafu sauti ya kijana kwa mbali:

"Mama Njeri! Umepita kwako!"

"Najua!"

"Sasa unaenda wapi?"

"Nitajua nikifika!"

Akakata. Nikamwambia mwenye nyumba chumba nimekipenda.

Mwanangu, ukimtengenezea mtu kitu, usikijaribu kwa mwili wako, kwa sababu mwili wako utakusaidia kwa siri na kukudanganya. Kijaribu kwa mwili wake, au karibu nao kadiri unavyoweza, hata kama watu watacheka. Na kama umezaliwa na miguu isiyotulia, sikukatazi safari, ningekuwa mnafiki. Ila mwache mwenye kitu ndiye aseme kimekwisha, ndipo uufunge mfuko.

Mungu akupe mikono isiyoona haya kurudia kazi. Akupe na mtu wa kukufunga leso kabla hujaumiza mwingine. Na popote utakapofika jioni, mlango ufunguliwe.