Sista na Upande wa Kanga

Mpaka leo nikisikia msichana anaitwa sista hasira hunipanda, nami nitawaambia kwa nini.

Miaka ya hamsini pale Tanga neno hilo lilikuwa na wenyewe wengi. Watawa wa misheni, masista. Muuguzi wa hospitali mwenye kofia nyeupe, naye sista. Sisi wasichana tulioonja shule tukaitana sista kwa maringo tu, ilhali dada tunalo. Mwalimu wetu alisema hata kwa Waingereza si lao lote. Walichanganya neno lao la kale na la maharamia wa kaskazini waliovuka bahari kuja kuwapora. Basi, neno la vurugu tangu huko.

Rafiki yangu ndiye aliyenizoesha kuitwa hivyo. Wazazi wake, Wakatoliki waliotoka mashamba ya mkonge, walipanga chumba kwetu Usagara. Tulinunua doti moja ya kanga, tukaikata, kila mmoja akachukua upande wake. Kwetu, mkigawana hivyo, pande hizo hazivaliwi ovyo: zinangoja harusi ya mmoja wenu, mkae mkeka mmoja mmevaa sare, watu wajue hawa ni ndugu.

Akasomea uuguzi, akahamia nyumba za wauguzi kule Raskazone. Harusi yangu ilipokaribia nilimfuata mwenyewe. "Nitakuja, sista," akaniambia. Siku yenyewe nikaketi nimevaa upande wangu, nimewakataza shangazi na binamu kukaa kulia kwangu. Wakanong'ona weee mpaka wakachoka. Hakuja.

Nikajiambia labda anaumwa. Fungate ilipokwisha nikambebea halwa. Nikamkuta barazani na wauguzi wenzake, mzima wa afya, anacheka. Mmoja akamuuliza mimi ni nani.

"Binti wa mwenye nyumba wetu wa zamani," akasema. Kisha akanigeukia: "Sikupata ruhusa ya kuja harusini, usinune."

Nisingenuna. Ruhusa ni ya wakubwa. Lakini mlangoni, pale pa kufutia miguu, palikuwa na upande wa kanga umekunjwa, umejaa matope, nami niliujua kabla sijainama. Niliumia, wallahi, kuliko mtu aliyepigwa.

Nikaweka halwa mezani. Nikauokota, nikaukung'uta, nikautia kwapani mbele yao wote.

"Sista, unafanya nini?" akaniuliza. Nikashika njia ya nyumbani.

Mama alinikuta uani nafua, akauliza nimetoka wapi. Nikamwambia nilikwenda kuchukua kanga yangu.