Tuligombania Bima ya Mtu Aliye Hai

Kuna siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka lazima nicheke kwanza ndipo niweze kuisimulia. Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, wakati wa masika. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa hospitali, mimba imeshaonekana, nagombana na binti wa mume wangu juu ya fedha za kifo cha baba yake. Na huyo baba yake alikuwa amelala chumba cha jirani, dirisha liko wazi, anatusikiliza.

Ngoja nianzie nyuma kidogo ili twende pamoja.

Mume wangu aliitwa Elia Kalinga, Mhehe wa Iringa, dereva wa lori. Alibeba chai na mbao kutoka Mufindi kuzileta Mbeya. Mke wake wa kwanza, Paulina, alifariki akamwachia binti mmoja, Agata. Baadaye Elia akanioa mimi, Tusajigwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, tukaweka makazi Mbeya, tukajaliwa watoto wawili wa kiume. Agata wakati huo alikuwa ameshaolewa huko kwao Iringa, na umri wetu haukupishana sana. Aliniita mama mdogo kwa sababu adabu ilimtaka aniite hivyo, lakini alilitamka neno lile kama mtu anayemeza kwinini.

Enzi za Paulina, wakala wa bima alipita gereji, akawaeleza madereva kwamba mtu wa kazi za barabarani anaweza kuiwekea familia yake akiba ya siku ambayo hatakuwepo. Elia akakata bima ya maisha. Alipoulizwa alipwe nani akifa, akasema, mke wangu Paulina. Haikuwa siri, sote tulijua. Paulina alipofariki, Elia aliendelea kuilipia ile bima, na jina likabaki vilevile. Hakuwa na nia yoyote mbaya. Ni yale mambo ambayo kila mtu husema atayashughulikia akipata nafasi, na nafasi haiji.

Basi masika hayo lori lake likanasa matopeni karibu na Makambako. Alishinda kwenye mvua akilichimbua, na baridi ya kule unaijua. Alifika nyumbani anatetemeka, kifua kimembana. Hospitali wakasema ni homa ya mapafu. Daktari akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba ingefaa niwaite ndugu. Nikapeleka habari Iringa kupitia dereva mwenzake.

Wakaja kwa basi watu wawili: Agata, na Simoni, mdogo wake Elia. Simoni hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo mapema. Alikuwa mtu wa maneno tu, na maneno yake yalimtangulia kila alikokwenda. Alinisalimu kwa Kihehe, "kamwene", nikaitikia, akamtazama mgonjwa akiwa amelala, kisha akanitoa nje.

"Shemeji," akasema, "kaka akituacha, ile bima ni ya ukoo. Wewe na watoto tutawachukua Iringa. Atakayekutunza tutamtafuta sisi wenyewe."

Nilielewa vizuri sana. Nyumba yangu, wanangu na mimi mwenyewe, vyote vilikuwa vimeshagawiwa, na mume wangu bado anapumua.

Kabla sijajibu, Agata akaingilia. "Baba mdogo, usiseme ukoo. Bima ni ya mama yangu. Jina ni lake."

"Mama yako ni marehemu, Agata," nikasema. "Wanangu ndio wanaotaka kula."

Basi hapo ndipo sauti zilipopanda. Simoni anataja babu na mila, Agata anamtaja mama yake, mimi nataja ndoa yangu ya kanisani. Mpishi wa hospitali alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kutusikiliza kama yuko mkutanoni. Mwisho akaja muuguzi. Akasema, "Mgonjwa anawaita."

Tuliingia. Elia alikuwa ameinuliwa kwa mito, amekonda, macho yameingia ndani, lakini yalikuwa macho yake yaleyale.

"Nimesikia nimekufa," akasema taratibu. "Naomba nielezwe nimezikwa wapi, nipajue."

Simoni akatazama dari. Mimi kicheko kilinitoka bila kutaka, halafu kicheko hichohicho kikageuka kilio, nikakaa chini.

"Tulikuwa tunajiandaa tu, kaka," Simoni akasema.

"Mmejiandaa vizuri. Mmenigawa mimi na vitu vyangu, na hata kuniuliza hamkuniuliza." Akakohoa, akapumzika. "Nikipona tunakwenda kwa wakili. Nyie nyote watatu, na mimi wa nne."

"Mambo ya nyumbani tuyapeleke kwa mtu baki?"

"Mmeyasema uwanjani, Simoni. Mpishi anayajua. Nyumbani yamebaki yapi?"

Ndivyo alivyotukemea, bila kupaza sauti, na sijapata kukemewa vikali kuliko siku ile.

Alipona, mwanangu, ila polepole. Mimi nilipika uji wa ulezi, Agata alifua nguo za baba yake, na tuliishi nyumba moja tukisemezana juu ya chumvi na maji basi. Simoni alizunguka mjini akisema ana shughuli. Elia alipoweza kutembea bila kushikwa, akavaa koti lake la kanisani, akatuongoza.

Wakili alikuwa Mhindi mtu mzima, Bwana Mehta, mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alivaa sweta mbili kwa sababu ya baridi. Akatuagizia chai ya tangawizi, akauliza mgogoro ni wa nani na nani.

Simoni akaanza. Alianzia kwa babu yao, akapita kwa ng'ombe wa mahari, akarudi kwa babu. Bwana Mehta hakumkatiza hata kidogo. Simoni alipoishiwa, wakili akauliza, "Na mwenye bima yuko wapi?"

"Ni mimi," Elia akasema.

"Wewe uko hai. Basi mgogoro bado haujazaliwa." Akaweka kikombe mezani. "Lakini kama ungekufa hospitali, ngoja nikueleze ingekuwaje. Jina lililopo ni la marehemu, na marehemu halipwi. Kampuni ingezishika fedha. Zingeingia kwenye mirathi. Huyu angedai kwa mila, huyu kwa ndoa, huyu kwa jina la mama yake. Wangenijia mmoja mmoja, na mimi naruhusiwa kumtetea mmoja tu. Wengine wangetafuta mawakili wengine. Wavulana wako wadogo wangeota ndevu kesi haijaisha." Akatabasamu. "Ingekuwa biashara nzuri kwangu. Leo ukitamka mwenyewe unataka nani alipwe, kazi yangu ni ya asubuhi moja."

"Kwa hiyo jina la mama linafutwa," Agata akasema.

Wakili akamweleza tena kwamba fedha haziwezi kulipwa kwa marehemu. Agata akatikisa kichwa.

"Fedha sizitaki," akasema. "Nina mume, tuna shamba, nina cherehani. Lakini mama hakuacha picha. Msalaba wa kaburi lake ulikuwa wa mti, umeoza. Ninapojua jina lake limeandikwa ni kwenye hiyo karatasi ya bima tu."

Nilikuwa nimemchukia yule mtoto wa watu kwa siku zote zile nikidhani ananyang'anyana na wanangu chakula. Kumbe alikuwa anamtetea mama yake asisahaulike. Hata Elia aliinamisha kichwa. Hakuwa amejua.

Sikujipanga kusema, maneno yalikuja yenyewe. "Agata," nikamwambia, "huyu niliyembeba, akiwa wa kike, ataitwa Paulina. Na baba yako aandike jina lake hapo."

Agata akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Na akiwa wa kiume?" wakili akauliza, maana hao watu kazi yao ni kuuliza.

"Basi atakayefuata," Elia akasema.

"Wewe umetoka hospitali juzi," nikamwambia.

Bwana Mehta alicheka mpaka akavua miwani. Agata akacheka pia, huku anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Elia akatamka anavyotaka. Mimi mkewe nipate fungu langu. Watoto wote wapate, Agata akiwemo, apende asipende. Wakili akasema watoto wadogo hawawezi kukabidhiwa fedha, lazima awepo mtu mzima wa kuwashikia mpaka wakue. Nilitegemea Elia anitaje mimi. Simoni naye akajiweka sawa kitini.

"Agata," Elia akasema. "Yeye na mama yao pamoja, mmoja asiguse bila mwenzake. Mtu aliyepigania jina la mama yake namna ile hawezi kula haki ya wadogo zake."

Nilisita, sikufichi. Lakini Agata akanong'ona, "Mama, mimi nakubali kama wewe unakubali." Alisema mama, bila mdogo. Nikakubali.

"Na mimi?" Simoni akauliza.

"Tunahitaji shahidi," Bwana Mehta akasema. "Sipendi shahidi awe mtu anayepata kitu humu. Kwa bahati, wewe hupati chochote. Ni wewe pekee unayefaa."

Simoni akafikiri kidogo, akakubali kwa heshima zote, akaweka sahihi yake kubwa yenye mikia. Tangu siku hiyo hapakuwa na kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, Iringa ambako watu hawakusikia kwamba wakili wa Mbeya alimtafuta yeye kuwa shahidi.

Mtoto alizaliwa wa kike. Nilipomaliza arobaini, tulirudi kwa wakili na Paulina mgongoni, jina lake likaongezwa. Mwaka huohuo tulikwenda Iringa sote, tukaweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama yake Agata, jina limechongwa vizuri, mvua isilifute.

Elia aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaona Uhuru, akaona wajukuu. Siku Mungu alipomchukua kweli, watu walijaa kutoka Iringa na Mbeya. Mimi na Agata tulilala mkeka mmoja matanga yote. Hakuna aliyeuliza bima ni ya nani, maana kila mtu alikuwa ameshaambiwa na marehemu kwa mdomo wake. Kampuni ililipa bila kuuliza mara mbili. Sisi tulipata nafasi ya kumlilia mtu wetu, tukamlilia tukatosheka. Nimehudhuria misiba ambayo watu hawakupata nafasi hiyo, wakatoka kaburini wakaenda barazani kutukanana.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Ukikata bima, mtaje wa kulipwa, halafu usilale ukadhani yamekwisha. Ukioa au ukiolewa, ukizaa, ukifiwa, rudi ukatazame yule uliyemtaja kama bado anafaa, kama bado yupo. Waambie watu wako ukiwa mzima, hata kama wengine watanuna. Wakinuna ukiwa hai unaweza kuwabembeleza. Ukiwa na watoto wadogo, wachagulie mtu wa kuwashikia haki yao, na usiangalie tu nani anakupendeza, angalia nani hawezi kuwasaliti. Na ugomvi ukija, usiuache ukomae. Nenda kwa wakili mapema, uliza kila usichokielewa, usione aibu kwamba hujui sheria, maana yeye kazi yake ni kuijua. Lakini kabla ya wakili, muulize anayegombana nawe anaogopa nini. Mimi sikumuuliza Agata, nikamdhania, na nusura nimkose binti.

Mungu akupe maisha marefu, hiyo bima ichoke kukungoja. Akupe meza yenye watu wanaoweza kusemana ukweli na bado wakala pamoja. Na siku yako ikifika, ukiwa mzee umeshiba miaka, waje kukulilia wewe, wasije kugombania ulichoacha. Amina.